Mukutano ya wanaoacha pombe iko wapi?

Mwisho wa mwezi umefika tena. Mu Kolwezi, mu Likasi, mu Fungurume, mpaka kule Kasumbalesa, kila mutu anajua namna mambo itapita. Falanga inaingia ku telefone ao ku benki, foleni inakuwa murefu, na mbele jua ilale, viti vya plastiki vimekwisha kujaa ku mulango wa kila nganda. Kwa wengi mambo inaishia pale: chupa mbili, muziki, mabishano ya mupira, kisha kurudi nyumbani. Hatuandike leo juu yao. Tunaandika juu ya ule ambaye siku ya tatu hana tena falanga ya transpori, anakopa lutuku kwa mama jirani, anamuficha bibi yake, na asubui mikono inatetemeka mpaka hawezi kufunga kamba za viatu vya kazi.

Ule mutu, mara nyingi, anataka kuacha. Hii njo kitu ambacho jamaa hawaamini, kwa sababu wamemusikia kuapa mara kumi, na mara kumi wamemuona amelala ku ukuta. Lakini kiapo chake hakikuwa uongo. Alikuwa peke yake na kiapo, ni vile tu. Na siku anapouliza swali la kweli, «nitaenda wapi, nitaona nani?», kartie yote inanyamaza. Kuonyesha nganda, hata mutoto wa miaka mitano anaweza. Kuonyesha mahali ambapo walevi wanakutana ili wasikunywe, nani anaweza?

Tutazame kile tunachomupa leo. Ku mulango wa mugodi, tunamupa alkotesti. Anapuliza, taa nyekundu inawaka, anarudishwa, jina linaandikwa. Hatupinge alkotesti. Mutu mwenye pombe mu damu hapana kumupa usukani wa kamio ya tani mia moja, wala kumuacha karibu na tapi inayosukuma mawe, na wajane wa ile aksida zilizopita wanajua juu ya nini. Lakini alkotesti inasema tu kama mutu amekunywa. Haimuambie namna ya kuacha. Kama sosiete imenunua mashine ya kumukamata na haijatafuta mahali pa kumutuma, imefanya nusu ya kazi, na ni ile nusu rahisi.

Nyumbani, tunamupa kikao cha familia. Wajomba wanakuja, wanakaa saa tatu, kila mumoja anamusomea makosa yake toka mwaka wa ndoa. Kisha mambo inakwisha, na wajomba wanaomba kitu cha kunywa. Ku kanisa, tunamupa maombi. Tunaheshimu maombi, na kuko watu walioacha pombe siku waliyobatizwa na hawakuigusa tena. Wakimbangu, kwa mufano, wanaikataa kabisa, na mukristo wao anajua hilo toka utoto. Shida inakuja kwa ule aliyeombewa mbele ya kanisa lote na akaanguka kisha juma mbili. Hawezi tena kuingia kwa mulango ule ule. Haya inamufunga ku nyumba, na chupa iko nyumbani.

Kuko kitu kingine, na si kitu kipya. Mu mwaka 1935, mutu mumoja wa Marekani, Bill Wilson, alikuwa ku muji wa Akron, jimbo la Ohio. Akron ilikuwa muji wa viwanda vya mipira ya motokari, muji wa posti na sirena kama hii yetu. Bill alikuwa amekuja kwa biashara, biashara ikavunjika. Alikuwa ameacha pombe miezi michache tu. Alisimama mu hoteli, upande mumoja bare yenye makelele, upande mwingine telefone na orodha ya makanisa. Akapiga telefone. Hakuomba pasta amuhubirie. Aliomba kuonana na mulevi mwenzake, kwa sababu alikuwa ameona kama anapozungumuza na mulevi mwingine, hamu ya kunywa inapungua. Wakamukutanisha na munganga wa upasuaji, Bob Smith, ambaye pombe ilikuwa karibu kumumaliza. Walizungumuza saa nyingi. Bob alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 mwezi wa 6 mwaka 1935, na ile siku njo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa Alcooliques Anonymes. Wa tatu walimukuta amelazwa hospitali. Ile yote ilianza na watu wawili na meza ya jikoni.

Tunaeleza hivi kwa sababu wasomaji wetu wengi, wakisikia «kikundi cha wanaoacha pombe», wanafikiri ni dini, ao ni ONG inayokuja na kamera, ao ni ujanja wa sosiete wa kutafuta majina. Haiko vile. Mu mukutano wa namna ile, watu wanakaa, mara nyingi kwa duara. Mumoja anafungua, anasoma maneno machache. Kisha mwenye kutaka anasema. Anataja jina lake la kwanza tu, anasema kama yeye ni mulevi, na anaeleza: juma hii ilipita namna gani, hamu ilimukamata saa ngapi, alifanya nini. Wengine wanasikiliza. Hawamukate maneno, hawamupe mashauri, hawamucheke. Kule kwetu, ambako kila mukubwa anaona ni lazima ajibu, hii njo sehemu ngumu zaidi ya mukutano! Akimaliza, wanamushukuru, mwingine anaanza. Mwenye hataki kusema, asiseme. Anaweza kukaa miezi bila kufungua kinywa. Kisha saa moja ao saa moja na nusu, wanaachana.

Hakuna kulipa ili kuingia. Sahani ao kofia inapita kwa chai na falanga ya chumba, na mwenye hana haweki. Hakuna regista, hakuna foto. Kinachotakwa kwa mutu ni kimoja tu: awe anataka kuacha kunywa. Hata kama jana alikunywa, aje. Wanazungumuza juu ya Mungu, ni kweli, lakini kila mutu namna anavyomuelewa yeye mwenyewe. Mukatoliki, mumetodiste, muislamu na ule asiyesali wanakaa ku benchi moja. Na hawaapi kuacha mpaka kufa. Wanasema: leo. Kwa hizi saa 24 sikunywe. Kesho tutaona kesho. Muchimbaji anaelewa hii haraka, kwa sababu hata shimo halichimbwe siku moja.

Kuko tena desturi ya kumupa mugeni mutu mumoja aliyemutangulia, ambaye atamupigia telefone hata usiku. Tunaamini ni pale nguvu inatoka, kupita hata mu mukutano. Hamu ya pombe haingoje siku ya mungu. Inakuja siku ya kulipwa saa 17, wakati marafiki wanaita ku barabara.

Je, inasaidia kweli? Wajuzi wamepima. Mwaka 2020, kikundi cha Cochrane, ambacho kazi yake ni kukusanya uchunguzi wa waganga na kuupima pamoja, kilitoa hesabu ya uchunguzi 27, wenye watu zaidi ya 10.000. Walikuta kama matunzo yanayomuongoza mutu mu mikutano ya Alcooliques Anonymes yanasaidia watu kukaa bila kunywa sawa na matunzo mengine yanayojulikana, na mara nyingi kuyapita, na kwa falanga kidogo zaidi. Haiko muujiza. Kuko wanaoanguka, wanarudi, wanaanguka tena. Lakini katika nchi ambamo siku moja ya hospitali inaweza kumaliza mushahara, kitu kinachosaidia na ambacho bei yake ni chai, kinastahili kutafutwa. Na shida si ndogo: Shirika la Afya la Dunia linahesabu kama pombe iliua watu milioni 2,6 mu mwaka 2019, na milioni 2 kati yao walikuwa wanaume.

Mbele ya kuendelea, neno moja la hatari, na tunaomba wamama walisome mara mbili. Mutu aliyekunywa sana kila siku kwa muda murefu, asikate pombe gafula peke yake ndani ya nyumba. Mwili umeizoea. Ikikosa, saa chache tu kisha, anaanza kutetemeka, jasho, kutapika, usingizi kukimbia. Mu siku mbili za kwanza anaweza kuanguka kifafa. Toka siku ya pili mpaka ya ine, anaweza kuchanganyikiwa, kuona wadudu ku ukuta, kusikia watu ambao hawako. Kwetu wanasema haraka: wamemuloga. Wanamupeleka mu maombi ya kufukuza mapepo, wanamufunga kamba, na anaweza kufa pale. Haiko uchawi, ni pombe inayotoka, na inatunzwa. Munganga ako na dawa ya kutuliza mwili kwa siku hizi chache, na vitamini B1 ya kulinda ubongo. Kwa hiyo ule mwenye kutetemeka kila asubui mpaka akunywe, aanze ku santre ya afya ao hospitali, aseme ukweli wa kiasi anachokunywa, kisha aingie mu mukutano. Na aliyekwisha kuanguka kifafa ao kuanza kuona vitu, musingoje kesho. Mu Lubumbashi, hospitali ya magonjwa ya akili ya Bafrere wa Mapendo, santre Joseph Guislain, inajua hii kazi. Kupelekwa pale si kuwa wazimu, hata kama kartie itasema vile. Kartie ilisema mengi hata wakati alikuwa anakunywa.

Sasa, kutafuta. Tunasema wazi: mu miji yetu ya migodi hakuna kibao ku barabara kinachoandikwa «hapa wanaacha pombe». Ni lazima kuuliza, na kuuliza kwa watu wanaofaa. Wa kwanza ni infirmie wa santre ya afya na waganga wa akili: wagonjwa walioacha wanapita kwao, na mara nyingi wanakubali kuonana na mugonjwa mupya. Wa pili ni parwasi na makanisa, hata kama wewe si wa pale. Vyumba vyao vinatumiwa na vikundi vya kila namna, na mulinzi wa parwasi anajua ni nani anakuja siku gani. Usione haya kumuuliza. Walinzi wanajua mambo mengi kupita mapadri. Wa tatu ni delege wa sendika, kama ni mutu anayefunga kinywa. Kama hafungi, muache.

Na kuko telefone. Alcooliques Anonymes wako na mikutano ya Kifaransa inayofanyika ku intaneti, ambapo mutu anaingia na jina la kwanza, anafunga kamera, anasikiliza. Ukiona saa ya Paris, ukumbuke: wakati wa joto kule, saa yao na ya Lubumbashi ni moja, wakati wa baridi yao, sisi tuko mbele saa moja. Mega zinakula falanga, ni kweli. Hesabu tu bei ya chupa moja, utaona. Lakini telefone haitoshe kwa siku zote. Mutu anahitaji watu wanaomuona macho na kusikia harufu ya kinywa chake.

Ukipata kikundi, kipime. Kama ku mulango wanaomba dola, toka. Kama wanakuuzia chupa ya dawa ya kukutapisha ili «uchukie pombe», toka mbio, kwa sababu hujui nini iko ndani. Kama wanataka kadi ya kazi ao namba ya matrikile, toka. Lakini kama mara ya kwanza umechoka tu kusikiliza, ao uliona watu wazee kupita wewe, rudia mara nne ao tano mbele ya kukata neno. Mukutano wa kwanza unamupita kila mutu kando. Kichwa kinafikiria tu nani amemuona akiingia.

Hapa tunafika ku kile kinachotuuzi zaidi: saa. Vikundi vinapokuwako, vinakutana siku ya mungu kisha ibada, ao siku ya kazi saa 16. Ni vizuri kwa mwalimu. Kwa mutu wa posti ya saa 14 mpaka saa 22, mukutano wa saa 16 hauko. Kwa ule anayefanya usiku, asubui ya siku ya mungu ni wakati wa kulala. Kwa ule aliye ku kambi siku ishirini mbali na muji, hakuna kitu. Nganda, yenyewe, imejua kupanga: inafungua mbele ya posti ya asubui na inangojea wanaotoka usiku. Wauza pombe wamesoma tablo ya posti vizuri kupita sisi wote.

Kwa hiyo tunaomba sosiete vitu vitatu, na hakuna hata kimoja kinachoomba budjeti kubwa. Chumba kimoja, mbali na biro ya wakubwa na mbali na mulango wa polisi ya migodi. Saa mbili tofauti mu juma, ili kila posti ipate moja. Na neno la kuandika, lenye sinyatire, kama mutu atakayekuja mwenyewe kuomba matunzo mbele hajakamatwa na alkotesti, hatafukuzwa kwa ajili ya kuomba. Haiko ndoto yetu. Biro ya Kimataifa ya Kazi, BIT, ilitoa mu mwaka 1996 kanuni juu ya pombe na dawa za kulevya ku kazi: inasema kama shida ya pombe itazamwe sawa na shida zingine za afya, kama siri ya mufanyakazi ilindwe, na kama kumusaidia na kumutunza kunapendeza kuliko kumupiga azabu. Sosiete zetu zinapenda kuonyesha wageni vitabu vyao vya usalama. Waongeze huu ukurasa.

Tunajua jibu litakalotoka: «wafanyakazi wenyewe hawatakuja». Hawatakuja kama ku mulango kunakaa mutu wa personeli na kalamu. Na wale wa sutretansi, ambao kontra yao ni ya miezi mitatu, hawatakuja hata kidogo, kwa sababu hawafukuzwe. Kontra inakwisha tu, na hakuna mutu anayeeleza juu ya nini. Kwao, mukutano wa ndani ya sosiete si salama, na hatutawadanganya. Waende mu ule wa kartie. Sendika zinazopigania asilimia ya mushahara, zipiganie pia hii siri.

Na wakrezere? Ule anayeshuka mu shimo bila mutu wa kumupima ku mulango, mara nyingi anakunywa ili apate moyo wa kushuka, kisha anakunywa ili asahau kama ameshuka. Hakuna munganga wa kazi kwao. Lakini wako na kitu ambacho wengine hawana: ekipi. Watu sita wanaofanya shimo moja, wanagawa mawe na falanga pamoja. Ekipi ikiamua kama hakuna kunywa mbele ya kushuka, na kama mukubwa wa ekipi mwenyewe ndiye wa kwanza kutii, ile ni nusu ya kikundi tayari.

Wamama, ninyi muko na mukutano wenu. Bibi wa Bill, Lois Wilson, aliona kama wakati wanaume walikuwa mu chumba wakizungumuza, wanawake walikuwa wanangoja ku motokari na mu jikoni, na wao pia walikuwa wagonjwa, kwa hasira na woga. Mu mwaka 1951 vikundi vya jamaa viliunganishwa kwa jina la Al-Anon. Kule hawafundishi namna ya kumubadilisha bwana. Wanasaidia bibi, mama, mutoto mukubwa, kuishi hata kama ule mutu hajaacha: kutokimbia mu kartie kulipa madeni yake ya lutuku, kutomudanganya shefu kwa telefone kama «ako na malaria». Na kama anapiga, bibi asingoje pombe iishe. Atafute kwanza mahali pa kulala na watoto. Akina mama wa likelemba wanajua kukutana kila juma bila mutu kuwalazimisha. Wangeweza kuanza hii kesho.

Tunajua tena kama kati ya wale wamama kuko wanaopika lutuku, na minervali ya watoto inatoka mule ndani ya pipa. Hatuna jibu jepesi kwao. Tunaomba tu kitu kimoja: ule aliyekwisha kusema «mimi naacha», musimukopeshe tena, hata akilia.

Pale ambapo hakuna kikundi, wawili wanatosha. Desturi ya Alcooliques Anonymes inasema hivyo: wawili ao watatu wanaokutana ili wasikunywe wanaweza kujiita kikundi. Siku moja, saa moja, mahali pamoja, bila kugeuza. Kosa la wengi ni kungoja kwanza prezidenti, sekretere na muhuri. Musitafute muhuri. Mutafute benchi, na mutu aliyekwisha kukaa miezi bila kunywa kupita ninyi, na mukae juma sita hata kama muko wawili paka wale wale.

Ukurasa huu utafungua nafasi ndogo kila ijuma kwa ile mikutano. Mwenye kujua moja, mu Kolwezi, Likasi, Kambove, Kipushi, Fungurume ao mahali pengine, atuandikie ku biro ya gazeti: siku, saa, kartie, na kama jamaa pia wanaruhusiwa kuingia. Majina ya watu hapana. Tutaenda kwanza kumuuliza mwenye kikundi kama anakubali tuandike, na wenye posti ya usiku, mutuambie saa gani inawafaa.